HOTUBA YA MWENYEKITI SIKU YA MIAKA KUMI: TULIVYOJIFUNZA KUPANGA MAUZO KATIKA JEDWALI



Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Pili tunawashukuru ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi kwenye jua hili la Muheza. Kikundi chetu tulikianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 15 na kisanduku kimoja cha mbao chenye kufuli tatu. Leo tuko 28. Habari za hisa, za mfuko wa jamii na za mgao wa kila mwaka amezisoma katibu katika risala, na zimechapwa humu kijitabuni, kwa hiyo hatutazirudia.

Sisi tumepewa nafasi ya kuzungumza juu ya maendeleo. Tukakaa kamati tukajiuliza, tuseme nini? Maana maendeleo ni neno pana. Tukakubaliana tuzungumze juu ya kitu kimoja tu, nacho ni ile karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani nyuma ya mweka hazina. Wageni wengi wameiuliza tangu asubuhi. Mmoja alidhani ni ratiba ya zamu za kufagia. Si ratiba. Ni jedwali la mauzo ya siku 30 ya mwenzetu mmoja mama lishe, la mwaka 2019. Shuleni wanaliita jedwali la mgawanyo wa marudio, yaani linaonyesha kitu gani kimerudi mara ngapi. Sisi tunaliita karatasi ya vijiti. Na tumeliacha ukutani miaka yote hii kwa sababu siku tulipolijua ndiyo siku tuliyojua tumemkosea mtu.

Mwenyewe yupo hapa, amekaa mstari wa pili. Ametupa ruhusa tuyaseme, ila amesema tusimtaje jina, na tusiongeze chumvi.

Mwaka 2019 mwenzetu huyu alikuwa anapika karibu na pale magari ya mizigo yanapoegesha. Chai, chapati, maharage, wali mchana. Aliomba mkopo wa shilingi 450,000 aongeze sufuria kubwa, meza na mabenchi. Kwa utaratibu wetu wa wakati ule mkopo ulikuwa na nyongeza ya asilimia 10, kwa hiyo deni likawa 495,000, la kulipa kwa wiki 12. Ukigawa unapata 41,250 kila Jumamosi.

Sasa msidhani tulimpa tu kwa macho. Kamati ilimwambia alete daftari la mauzo, naye akaleta la siku 30, limeandikwa vizuri, kila siku na fedha yake. Tukajumlisha tukapata 900,000. Tukagawa kwa 30. Shilingi 30,000 kwa siku! Jamani, tulifurahi. Tukamwuliza faida, akasema katika kila 10,000 ya mauzo, 7,000 inarudi sokoni kwenye unga, maharage, mafuta na mkaa, na 3,000 ndiyo yake. Basi 30,000 inampa faida 9,000 kwa siku. Nyumbani wanatumia 3,000. Zinabaki 6,000. Mara siku saba ni 42,000. Na rejesho ni 41,250, inatosha na chenji juu. Tukapiga muhuri.

Jumamosi ya kwanza alilipa zote. Ya pili alilipa zote, kumbe alichomoa fedha ya kununulia maharage. Ya tatu alileta 20,000. Ya nne hakuja. Ya tano hakuja. Wiki ya sita kamati ikamfuata nyumbani, watu watano, mchana, majirani wanaona, tukachukua cherehani aliyoiandika kuwa dhamana. Tuliibeba wenyewe mpaka kwa mweka hazina. Na ile cherehani ndiyo aliyokuwa anashonea sare za watoto jioni akishafunga biashara. Kwa hiyo tulimdai fedha, halafu tukamnyang'anya kitu cha kumpatia fedha. Hilo tunalisema kwa aibu, lakini tunalisema.

Maneno yalikuwa mengi siku zile. Wengine tulisema ni mjeuri. Wengine tulisema fedha amepeleka kwingine, maana daftari si linasema anauza 30,000 kwa siku? Mtu wa 30,000 anashindwaje? Daftari lilibaki kwa mweka hazina pamoja na cherehani.

Mweka hazina ana binti, wakati ule alikuwa kidato cha tatu, na ndiyo kwanza walikuwa wanasoma takwimu. Mwalimu aliwapa kazi ya kutafuta hesabu za biashara yoyote wazipange katika jedwali. Mtoto akaona daftari mezani. Hakuuliza, akalichukua. Jioni akamfuata mama yake akamwambia, "Mama, huyu mama lishe hauzi 30,000. Nimetafuta siku aliyouza 30,000, haipo hata moja."

Mweka hazina alimkemea kwanza. Halafu Jumamosi iliyofuata akaja naye kikaoni.

Sasa tuwaonyesheni alichotuonyesha, na kila mwenye kijitabu afuate, maana namba ni hizi hizi. Hili ndilo daftari, kuanzia siku ya 1 mpaka ya 30:

61,000, 74,000, 22,000, 66,000, 78,000, 18,500, 69,000, 24,500, 36,500, 31,000, 33,000, 28,000, 26,000, 27,000, 23,000, 15,000, 21,500, 19,000, 25,000, 20,000, 17,000, 22,500, 16,500, 24,000, 12,000, 21,000, 18,000, 14,000, 19,500, 17,500.

Ukizitazama hivi zilivyo, macho yanazunguka tu. Ni kama mchele na choroko zilizomwagika pamoja. Mtoto akasema kwanza tutafute siku ndogo kuliko zote na siku kubwa kuliko zote. Ndogo ni 12,000, kubwa ni 78,000. Toa, unapata 66,000. Huo ndio upana wa mauzo yake. Halafu tuamue tunataka mafungu mangapi. Tukisema saba, 66,000 gawanya kwa 7 ni kama 9,400 na kitu, tunaipandisha iwe 10,000 ili isitusumbue kichwani. Kwa hiyo kila fungu liwe na upana wa shilingi 10,000, na tuanzie 10,000 ili ile 12,000 iingie.

Mmoja wetu akauliza kwa nini saba, kwa nini si mawili au ishirini. Swali zuri. Tukajaribu. Tulipofanya mafungu mawili tu ya 40,000 arobaini, likaja fungu la siku 25 na fungu la siku 5, basi. Hiyo inakuambia kuna siku ndogo na siku kubwa, jambo ambalo hata mtoto wa chekechea anajua. Tulipofanya ya 5,000 tano zikaja safu 14, nne hazina kitu kabisa, na nyingine zina siku moja moja. Tukawa tumerudi kwenye mchele na choroko. Tangu hapo, daftari la mwezi mmoja tunalipanga katika mafungu matano hadi manane. Hatuna sheria iliyoandikwa, ni macho tu. Ukiona umbo, umepata.

Halafu vijiti. Unasoma daftari kuanzia juu, namba moja moja, na kila namba unaichorea kijiti kwenye fungu lake. Vijiti vinne vinasimama, cha tano kinalala juu yao kama mtu aliyefunga mzigo wa kuni. Hapo usirukeruke. Wengine walitaka watafute kwanza zote za elfu kumi na kitu, halafu za ishirini na kitu. Ukifanya hivyo utasahau moja tu. Pita daftari mara moja, toka juu mpaka chini, na kila namba uliyoipita uiwekee alama.

Tulipomaliza tukahesabu vijiti. Vikawa 31. Siku ni 30! Tukahesabu tena, 31. Zogo likaanza, kila mtu anamtazama mwenzake aliyeshika kalamu. Kumbe ni siku ya 20, aliyouza 20,000 kamili. Mafungu tuliyaandika "10,000 hadi 20,000" na "20,000 hadi 30,000", kwa hiyo mama mmoja alimchorea kijiti huku, na mwingine akamchorea kule. Hapo mtoto akaturekebisha, akasema kila namba iwe na nyumba moja tu. Ndiyo maana kwenye jedwali letu mtaona tumeandika "hadi chini ya". Ishirini kamili inakwenda fungu la ishirini. Tangu siku hiyo hatuondoki kwenye karatasi mpaka jumla ya vijiti iwe sawa na idadi ya siku.

Jedwali lenyewe hili hapa. Vijiti hatukuvichapa, tumeandika idadi. Namba ya mwisho katika kila mstari ni jumla inayopanda, yaani siku za fungu hilo pamoja na za mafungu yaliyotangulia.

10,000 hadi chini ya 20,000: siku 10 (jumla 10)
20,000 hadi chini ya 30,000: siku 12 (jumla 22)
30,000 hadi chini ya 40,000: siku 3 (jumla 25)
40,000 hadi chini ya 50,000: siku 0 (jumla 25)
50,000 hadi chini ya 60,000: siku 0 (jumla 25)
60,000 hadi chini ya 70,000: siku 3 (jumla 28)
70,000 hadi chini ya 80,000: siku 2 (jumla 30)

Mtoto alipomaliza kuandika akaweka kidole kwenye 22, akanyamaza. Na sisi tukanyamaza. Siku 22 kati ya 30 mwenzetu hakufikia ile 30,000 tuliyompimia. Siku zilizopita ni 8 tu. Halafu tazameni pale katikati, kwenye 40,000 na 50,000. Hakuna kitu. Sufuri na sufuri. Daftari moja lilikuwa na biashara mbili ndani yake, moja ya siku za kawaida na moja ya siku tano kubwa, na sisi tulichukua tukazikoroga pamoja tukapata namba ya katikati ambayo haipo popote. Hesabu ya kujumlisha na kugawa hatukuikosea. Rudieni nyumbani, mtapata 30,000 hiyo hiyo. Lakini mtu halipi rejesho kwa wastani, analipa kwa fedha aliyoshika Jumamosi ile.

Safu zile mbili za sufuri, mmoja wetu alitaka tuzifute ili karatasi iwe safi. Tukakataa. Safu tupu ni habari. Bila zile sufuri usingeona kwamba zile siku tano zimekaa mbali peke yao kama nyumba iliyojengwa ng'ambo ya mto.

Basi swali likaja lenyewe. Hizo siku tano ni zipi? Na hapa tunaomba msikilize, kwa sababu jedwali halijibu hilo. Jedwali linakuambia mara ngapi, halikuambii lini. Ukishapanga namba kwenye mafungu, tarehe zinapotea. Ikabidi turudi kwenye daftari. Tukakuta siku tano kubwa zote ziko ndani ya siku saba za mwanzo: ya 1, ya 2, ya 4, ya 5 na ya 7. Tukamwita mwenyewe. Alikuwa hajaja kikaoni Jumamosi nne, akaja na kanga ameifunga hadi machoni. Tukamwuliza siku hizi tano kulikuwa na nini. Akatujibu kwa mkato, "Malori."

Si mnajua wenyewe hapa kwetu. Msimu wa machungwa malori yanakuja kupakia ya Dar es Salaam na mengine ya kuvuka mpaka kwenda Kenya, na nyuma ya kila lori kuna wapakiaji, wachumaji, madalali na matanboi, na wote wanakula. Zile zilikuwa siku za mwisho za msimu. Malori yalipokatika, wapakiaji wakaondoka, akabaki na wateja wake wa kila siku. Alijua hilo vizuri sana. Tulipompangia rejesho hakuulizwa, na yeye aliona haya kubishana na kamati iliyoshika kalkuleta.

Tukakaa upya. Kwanza tulitaka tutumie namba ya katikati, yaani ukizipanga siku zote 30 toka ndogo mpaka kubwa unatazama ya 15 na ya 16. Zilikuwa 22,500 na 23,000, kwa hiyo katikati ni 22,750. Hiyo ni afadhali kuliko 30,000, maana malori hayaivuti juu. Lakini mtoto akasema, tazameni siku kumi za mwisho za daftari peke yake. Tukajumlisha, 182,000. Yaani 18,200 kwa siku, na hizo ndizo zilizokuwa zinafanana na hali yake baada ya kukopa. Faida ya 18,200 ni 5,460. Toa 3,000 za nyumbani, zinabaki 2,460. Mara saba ni 17,220 kwa wiki. Na sisi tulikuwa tunamdai 41,250! Hata angekuwa malaika.

Alikuwa ameshalipa 102,500 kwa jumla. Deni lililobaki 392,500 tukaligawa kwa wiki 25, ikawa 15,700 kila Jumamosi. Cherehani tukairudisha siku ile ile, na safari hii tuliibeba mchana pia, majirani wale wale wakitazama, maana tulisema kama tuliichukua mchana haiwezekani kuirudisha usiku. Alilipa bila kuruka wiki. Malori yaliporudi akaongeza mwenyewe, akamaliza kabla ya wiki hizo 25 kwisha. Kuzungumza nasi vizuri kulichukua muda mrefu zaidi kuliko deni. Hatumlaumu.

Ndugu Mgeni Rasmi, baada ya hapo tulibadilisha utaratibu. Mwombaji wa mkopo analeta daftari la siku 30 na kamati inalipanga katika karatasi ya vijiti mbele yake, si nyuma yake. Akiona fungu lenye siku nyingi anasema mwenyewe, "Hapa ndipo nilipo." Kisha tunarudi kwenye tarehe tuone siku kubwa zimekaa wapi, kama ni za gulio, za mwisho wa mwezi, za Ramadhani au za malori. Aliyekuwa na siku kubwa za msimu tunamwekea rejesho dogo wakati wa kawaida na kubwa wakati wa msimu. Wapo waliopunguziwa mkopo walioomba, na wakanuna. Yupo pia aliyeongezwa, maana alileta daftari lenye wastani mdogo, lakini siku zake 30 zote zilikuwa zimebanana katika mafungu mawili tu, hazipandi wala hazishuki. Mtu kama huyo ni wa kuaminika kwa rejesho la kila wiki kuliko mwenye wastani mkubwa unaorukaruka.

Kuna mwenzetu muuza samaki wa kukaanga ambaye alilitumia kwa namna yake. Yeye hakuhitaji mafungu, kwa sababu alikuwa anahesabu vipande vinavyobaki jioni, na hivyo ni vichache. Kwa siku 20 aliandika: havikubaki siku 2, kimoja siku 3, viwili siku 7, vitatu siku 5, vinne siku 3. Ukihesabu kitu kidogo namna hiyo, kila namba inakaa kwenye safu yake na inatosha. Akapunguza vipande viwili kila siku. Tukamwambia angalia zile siku mbili za sufuri. Siku ambayo hakikubaki kitu hujui ni wateja wangapi waliokuja wakakuta kalai tupu. Daftari la mabaki halimwandiki mteja aliyeondoka na njaa. Sasa anaandika na hao.

Kosa tunaloliona sana kwa wanaoanza ni kuandika daftari la kufurahisha kamati. Mtu anaruka siku mbaya, anasema ile haihesabiki, mvua ilinyesha. Inahesabika, mama! Siku ya mvua watoto walikula. Na siku ambayo hukufungua kabisa iandike sufuri na sababu yake. Mwaka juzi tulipokea daftari la "siku 30" lenye namba 24. Tulipouliza tukaambiwa Jumapili nne hafungui na siku mbili aliuguliwa. Basi rejesho la kila wiki lingehesabiwa kwa siku saba wakati anauza sita. Kosa lile lile la malori, limevaa kanga nyingine.

Na wale wanaotumia simu kupokea malipo, msidhani meseji za simu ndiyo daftari. Humo kuna fedha za mauzo, kuna ya kaka kutoka Tanga mjini, kuna iliyotumwa kimakosa. Chambueni kwanza, vijiti baadaye.

Jambo moja tena kabla hatujachosha watu, maana harufu ya pilau tunaisikia na sisi. Wapo waliotuambia haya ni mambo ya wasomi. Wengi wetu tuliishia darasa la saba, wengine hawakufika. Lakini huu mtindo wa kuweka na kukopa kwa kisanduku tunaoutumia ulianzia Niger mwaka 1991 kwa akina mama wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, na wengi wao hawakujua kusoma. Kuchora kijiti hakuhitaji cheti. Kwenye kikundi chetu wapo bibi wawili wasioandika kabisa, wanatumia punje za mahindi na mikebe saba ya maziwa. Kila jioni wanadondosha punje moja kwenye mkebe wa fungu lake, kila mkebe una rangi yake. Mwisho wa mwezi tunamwaga na kuhesabu. Hakuna tofauti na karatasi, ila panya. Mwezi wa Machi panya alikula siku nne za mauzo.

Na sheria nayo imetusaidia kuzoea. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama chetu vinatakiwa kusajiliwa, na ukishasajiliwa unaulizwa kumbukumbu. Wakati wenzetu wengine walihangaika kutafuta makaratasi, sisi ya kwetu yalikuwa kwenye boksi la sabuni, yamepangwa kwa miezi.

Binti wa mweka hazina sasa anasomea uhasibu. Alitamani kuwepo leo, ana mitihani. Ametuma salamu, na ametukumbusha tuwaambie kwamba kuna namna ya kukagua jedwali ambayo tumeipenda. Unachukua katikati ya kila fungu, yaani 15,000, 25,000, 35,000 na kuendelea, unazidisha kwa idadi ya siku za fungu, unajumlisha. Kwa jedwali letu ni 150,000 na 300,000 na 105,000 na 195,000 na 150,000. Jumla 900,000, sawasawa na daftari. Anasema hiyo ya kulingana kabisa ilikuwa bahati, mara nyingi inakaribia tu. Ikiwa mbali sana, jua kuna vijiti vimepotea njia.

Mwisho, Ndugu Mgeni Rasmi, hatuwezi kukuacha hivi hivi bila ombi. Tunaombea vitu viwili. Cha kwanza ni ubao na chaki, kwa sababu mpaka leo tunachora kwenye ukuta wa nyumba ya mwanachama, na mume wake amekuwa mvumilivu lakini amepaka rangi mara mbili. Cha pili, tunaomba shule ya msingi iliyo jirani ituazime darasa Jumamosi moja kwa mwezi, tuwafundishe akina mama wa vikundi vingine vya kata hii. Vikundi vitatu vimeshaomba. Mwalimu wa kwanza tumeshampata, amekubali jana usiku baada ya kubembelezwa sana, na atakuja na daftari lake mwenyewe la mwaka 2019. Ni yule mama aliyepika pilau hii mnayoisikia.

Karibuni chakula.